Ndoo ya Utupa

Kamanga,
S.L.P. 61,
Sengerema.
14 Juni 1998

Mpendwa dada Akinyi,

Shikamoo dada. Habari za Tanga, na mguu wako unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila watoto walikuwa na mafua, nayo yameanza kuwaachia. Barua yako ilivuka na kivuko cha Jumamosi, nimeisoma mara tatu.

Uliuliza kama kabichi zangu zimepona. Zimepona, dada! Ile dawa ya dukani nilishaitupilia mbali. Tangu soko huria lije kila mtu anauza dawa, na niliyonunua mimi viwavi waliinywa kama chai. Jirani yangu, mama Odeta, ndiye aliyenionyesha mmea wa utupa. Unatwanga majani, unaloweka usiku kucha, unachuja, unatia kipande cha sabuni, halafu unanyunyizia kwa ufagio. Siku ya tatu viwavi walikuwa wanadondoka wenyewe.

Sasa sikia upumbavu wangu. Utupa si ndio huo huo wahuni wanaoutumia kuulia samaki ziwani? Mimi huyo, akili sijui nilikuwa nimeiacha wapi, jioni nikaenda kuoshea ndoo mwaloni, pale pale mitumbwi inapoegeshwa. Asubuhi samaki furu wanaelea matumbo juu pembeni mwa mitumbwi! Mtu akasema aliniona natwanga utupa. Basi, mwalo mzima ukaambiwa mke wa Mayala, ndiye mimi, anamtwangia mumewe sumu ya kuvulia.

Wee, dada! Hapa mvuvi wa sumu anafukuzwa na mtumbwi wake unachomwa moto, na shemeji yako hana kazi nyingine.

Mzee Shimba, mwenyekiti wa mwalo, akaitisha mkutano. Mayala unamjua, yule ni kama bubu. Tangu anioe sijawahi kumsikia akinitaja mbele za watu. Siku hiyo alisimama, wala hakuwa ameniuliza neno, akasema, "Kama mke wangu ametwanga sumu ya samaki, chomeni mtumbwi mimi nikitazama." Akakaa.

Dada, niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeniona nikiosha ile ndoo. Nikasimama nikasema yote, ndoo na ujinga wangu, nikawaambia twendeni bustanini mkaone kazi ya utupa. Wakaja. Mzee Shimba aligeuza majani ya kabichi moja moja, akakuta viwavi wamekauka. Akanigombeza kama mtoto mdogo! Hukumu yake ni kwamba ndoo ile isishuke tena ziwani; niioshee bustanini na maji machafu nimwage kwenye shimo. Mtumbwi ukasalimika.

Lakini bustani iko juu kabisa, kwenye mawe, na maji ya kuoshea yapo chini ziwani. Nikasema haya, nimeyataka mwenyewe. Kesho yake naamka, Mayala hayupo. Kumbe anapandisha kilima na ndoo mbili za maji, wavuvi wenzake wako chini wanamcheka. Na mpaka leo anayapandisha yeye. Nilipomuuliza alijibu tu, "Ndoo nzito."

Nililia, dada. Miaka kumi na miwili nikidhani nimeolewa na jiwe, kumbe muda wote nilikuwa napendwa.

Nisalimie shemeji Oyoo na mwanangu Favour. Mayala naye anakusalimu, na kwake hiyo ni hotuba. Mungu awafunike na awape riziki ya halali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Selestina