Kwa Hakimu Aliyezomewa Kuliko Wote Ipyana

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Anyelwisye, tangu ulipovua zile ndevu zako za nyuzi za mgomba na kutuacha. Tulilia hadi machozi yakakauka, na siku hizi kila tukikutaja tunacheka. Utusamehe, wewe ndiye uliyetuzoesha.

Ulilima mpunga na kakao, lakini mdomoni hakukosekana Mchina wako. Hatukumjua kwa jina jingine. Ulipokuwa kijana ukijenga reli, fundi mmoja wa Kichina alikusimulia habari za mtunzi wa michezo ya kuigiza wa kwao, wa kale mno, aliyewatetea wanyonge katika tungo zake, akajipaka rangi usoni na kupanda jukwaani pamoja na waigizaji wake. Huyo mtunzi ndiye Mchina wako. Wakubwa wa enzi hizo hawakujali hata kuandika alizaliwa lini. "Kaburi lake halijulikani," ulikuwa ukisema, "lakini kesi zake bado zinasikilizwa."

Nawe ukazileta zisikilizwe Ipyana. Kila mwaka mpunga ukishaingia ghalani, tuliigiza ile ya mjane aliyenyang'anywa shamba. Kila mwanamke alitaka kuwa mjane. Hakimu mla rushwa hakuna aliyemtaka, kwa hiyo ulimwigiza mwenyewe, umevaa joho kuukuu la kwaya na zile ndevu za mgomba. Shamba ni shamba, Baba, watu walisahau kuwa ule ni mchezo. Mzee Hezroni alisimama katikati ya kesi akapaza sauti: "Mheshimiwa, mpaka ule mimi naufahamu! Mama huyu anasema kweli!" Mpaka wenyewe uko China. Naye Beatrice, muuza samaki, alikunyima mbasa wiki nzima. Ulirudi na kikapu kitupu, umefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Ulipougua hukuuliza habari za shamba. Uliuliza jambo moja tu: "Nani atakuwa hakimu?" Bila hakimu hakuna kesi, na bila kesi Mchina wako angekufa mara ya pili, safari hii mikononi mwetu. Uliondoka bila kujibiwa, na hilo ndilo lililotuuma kuliko yote.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita Mama alivaa joho lako na ndevu zako. Mama huyuhuyu, ambaye hata kuku hamfukuzi kwa sauti! Alipokea rushwa kwa mikono miwili, akashukuru, "Ndaga fijo, ndaga!", kisha akamfukuza mjane shambani. Uwanja mzima ulimzomea. Hezroni akasimama tena na ushahidi wake uleule. Jumatatu Mama alikwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu, anacheka peke yake njia nzima.

Unakumbukwa na mkeo Veronika, ambaye wiki hii anakula maharage. Na wanao Lusungu, Jackson na Neema. Na wakwe, wajukuu na majirani wote wa Ipyana na Mwaya.

Daima tutakukumbuka, Baba, na kila mavuno tutakuzomea.