Kicheko cha Immy Kinywani mwa Mama Gad

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwa kuwa mimi ni mtu wa biashara naanza na hasara: mdogo wangu Immy alifariki tarehe tisa mwezi wa tatu mwaka jana, asubuhi, pikipiki aliyopanda ilipogongwa na lori pale Rugerero, akaniachia mtoto mmoja, Ineza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, na hospitalini wakaniambia kwa adabu nisifunue kitambaa cha usoni kwa sababu meno yote ya mbele yalikuwa yamevunjika, basi sanduku tukalifunga bila mimi kumwona. Hicho ndicho nilichopoteza. Ninachokuandikia ni kwamba meno hayo yamerudi, mazima, na kila Jumamosi yanacheka ghalani kwangu.

Usidhani nimerukwa na akili. Jina langu ni Mukandori, lisome redioni, sijaiba. Nilizaliwa ukimbizini Karagwe, nikarudi Gisenyi sina hata shuka, nikaanza na beseni moja la karoti za Cyanzarwe, leo nina ghala la vitunguu karibu na petite barrière, pale mpakani pa kuvukia kwenda Goma, na wafanyakazi watatu, na hesabu zangu hazijanidanganya bado. Immy alikuwa na mwanya, ile inyinya ambayo huku kwetu mashangazi wakiiona kwa msichana wanataniana kwamba mahari ipande, na jino la kushoto la huo mwanya lilimeguka kidogo kwenye ncha kwa sababu siku ya harusi yangu alifungua chupa ya Fanta kwa meno mbele ya wakwe, nikamgombeza mpaka akalia huku anacheka. Ncha ile naijua kuliko sahihi yangu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tisa simu ya Immy, ambayo mpaka leo naichaji na usiniulize kwa nini, ikalia, ujumbe kutoka kliniki ya meno alikokuwa akitibiwa: «Habari Immy! Miezi sita imepita. Tabasamu lako linakusubiri.» Nikaandika: Immy amekufa. Papo hapo, kabla mtu yeyote hajapata muda wa kusoma, ikaja: «Asante Immy kwa kutujulisha! Tumekupangia Jumanne saa nne. Usisahau kupiga mswaki.» Na Jumanne, saa nne na robo, ikalia tena: «Immy, tunaona hujafika.» Nikajiambia hiyo ni mashine tu, mashine haina msiba, nikaifunga kwenye kanga na kuendelea na kazi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaja Mama Gad. Huyu ni mteja wangu wa Goma, mama mwema wa miaka hamsini hivi, miaka yote namjua akicheka kiganja kikiwa mdomoni kwa sababu meno ya juu hakuwa nayo. Jumamosi hiyo akaingia mikono yote miwili ikiwa kiunoni. «Patronne! Angalia mi sasa, si niko kijana?» Akacheka. Mshauri, uso ulikuwa wa Mama Gad, sauti ilikuwa ya Mama Gad, na katikati ya uso huo alikuwa anacheka Immy, mwanya ule ule, ncha ile ile ya Fanta. Sijapumua bado, Ineza ameshatoka nyuma ya magunia, amemshika miguu, anaita «Mama!», na Mama Gad wa watu akadhani ni utani, akamnyanyua. «Yewe, katoto! Mi ni mama ya Gad, lakini bon, hata we nitakuzaa tu!» Akacheka tena, na mtoto akaingiza kidole kwenye ule mwanya, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Lazima ujue kwamba mtoto tulimwambia mama yake amevuka kwenda Goma kuuza, kwa sababu hapa kwetu kila mtoto mama yake anavuka asubuhi na beseni na kurudi jioni, si jambo la kumliza, na mimi nilikuwa na mazishi ya kusimamia. Siku ile nikimwogesha akaniambia kwa utulivu kabisa: «Mama mkubwa, mama amerudi. Ila pale barrière wamempa uso mwingine.»

Nikaenda kliniki. Kuna daktari kijana pale, Rutayisire, mpole, hakunificha, akanipeleka chumba cha nyuma ambako wanafunzi wa udaktari wa meno wanajifunzia, na kwenye rafu kulikuwa na taya ishirini na nne za plastiki, zimepangwa safu mbili, zote zimeachama, na zote zilikuwa Immy. Nimezihesabu mara mbili. Magego yametobolewatobolewa na wanafunzi, mengine yamejazwa, lakini mbele pale mwanya, ncha, mwanya, ncha, mpaka mwisho wa rafu. Akaniambia walimpiga Immy picha kwa kamera ndogo kama kalamu inayopita mdomoni na kuchora kila jino, na kwamba alikubali, tena kwa kucheka, wanafunzi wajifunze kwa meno yake. Akafungua kompyuta. Kinywa kikatokea peke yake, hakina uso, hakina shingo, kinazunguka polepole kwenye giza, na akabonyeza kitu kikaanza kutafuna, tena kwa upande wa kulia kama alivyotafuna Immy.

Nikamuuliza, «Wanafunzi nimeelewa. Kinywani mwa mteja wangu yamefikaje?» Akajikuna shingo. «Mama, mtu akija kutengeneza meno ya bandia anachagua sura ya meno hapa kwenye skrini. Huu mwanya unapendwa sana. Mashine inachapa kama ilivyo.» «Hata lililomeguka?» «Mashine haijui kwamba lilimeguka, mama. Inaona ndivyo jino lilivyo.» «Wangapi wamelichagua?» Akasema hawezi kuzungumzia wagonjwa wengine, na hayo si meno, ni umbo tu. Umbo tu! Mimi nilinyimwa kuyaona ndani ya sanduku, wao wanayauza kama kitenge.

Sasa Mama Gad anakuja kila Jumamosi, mtoto anamsubiri getini tangu alfajiri, hataki kula kabla yake, na mimi mwenyewe, sikufichi, nimejikuta namtengea chai na kumtafutia vichekesho. Jumamosi iliyopita Mama Gad alimwambia mtoto kwa mzaha, «Twende na mi Goma, ukaone nyumba,» na jana nimekuta nyuma ya mlango begi la shule la Ineza, madaftari yametolewa, ndani kuna gauni, mswaki wake, na kanga ya mama yake. Jumamosi hii anakusudia kuvuka.

Nimeshafikia uamuzi wangu, nakuuliza tu kama nina haki. Seti mpya ya meno ni faranga laki mbili na elfu arobaini, pesa ninayo. Nataka nimlipe Mama Gad atengenezewe mengine, yoyote anayotaka, anikabidhi haya, niyapeleke Nyundo niyafukie kaburini kwa Immy na jambo liishe. Usinizungushe. Nijibu moja kwa moja kabla kipindi cha leo Jumatano hakijakwisha: nimtoe yule mama meno, ndiyo au hapana?

Mukandori, mwenye ghala, Gisenyi

*

Mukandori dada yangu, hapana.

Nimekupa jibu mwanzoni kabisa ili usiseme nimekuzungusha. Sasa kaa, maana mimi bado sijamaliza.

Pole. Kumfunika mdogo wako bila kumwona ni jambo zito, na baada ya hapo kukuta kinywa chake rafuni mara ishirini na nne, mimi mwenyewe barua yako imenifanya niwashe taa mchana. Una hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni ya haki. Immy aliwapa wanafunzi meno yake. Sokoni hakuyapeleka. Kesho asubuhi nenda kliniki, umwache Rutayisire na kompyuta yake, umtafute mwenye kliniki. Umbo la Immy litoke kwenye orodha ya wateja. Taya zitoke rafuni. Namba yake ifutwe, na mtu mwenye pumzi, siyo ile mashine, akupigie akupe pole. Daktari hawezi kukutajia wagonjwa, hapo ana haki, lakini idadi haina jina: vinywa vingapi? Akupe idadi kabla ya saa sita mchana. Akikataa, panda wilayani, ofisi ya afya, na barua yako mkononi. Lakini akikuambia ni tisa, Mukandori, usije ukaanza kuzunguka soko ukiwakodolea watu midomo. Unajua fika utataka kufanya hivyo.

Mama Gad umwache na meno yake. Umeandika mwenyewe kwamba miaka yote alicheka kiganja kikiwa mdomoni, na siku ya kwanza aliyoweka mikono kiunoni ndiyo siku unayotaka kumlipa arudi nyuma. Hakuiba kitu. Alichagua mwanya mzuri, kama ambavyo wewe ungechagua. Na ukiyafukia hayo, utakuwa umezika nini? Meno ya Immy yalivunjika naye, yako Nyundo naye, yamepumzika. Ile ni plastiki. Ila mwambie Mama Gad ukweli, yote, hata habari ya Fanta. Ni mtu mzima. Akitaka kuyabadili kwa hiari yake, hapo ndipo laki zako zitafaa. Asipotaka, mnywe chai. Na acha vichekesho vya makusudi, dada. Nimeona ulivyovipitisha harakaharaka, kama mtu anayeficha gunia lililooza chini ya mazuri. Ineza si peke yake anayesubiri getini.

Sasa nikugombeze sawasawa. Umehesabu taya, umehesabu faranga, na katika barua yote ndefu sikuona mahali mtu alipomwambia mtoto huyu kwamba mama yake amekufa. Hapana. Mlimwambia amevuka. Basi kosa lake liko wapi? Mtoto wa Gisenyi anajua aliyevuka hurudi. Ulimpa namba mbovu, yeye akajumlisha vizuri, na jibu lake likatoka nyuma ya mlango limefungwa ndani ya begi pamoja na mswaki. Kliniki ilitengeneza meno. Aliyemrudisha Immy kutoka Goma ni wewe.

Ijumaa akitoka shule mpeleke Nyundo, kukiwa bado na jua. Usimwambie amelala, ataogopa kulala. Usimwambie amesafiri, umeona mwenyewe safari ilikofika. Mwambie: mama yako Immy aligongwa na lori, akafa, yuko hapa, harudi. Atakuuliza, na yule je? Mwambie yule ni Mama Gad, ana mwanya kama wa mama. Atakukatalia, labda atakupiga. Mshike. Mkirudi nyumbani fungueni begi lile pamoja, gauni lirudi kabatini, mswaki urudi kwenye kikombe, na kanga mwachie alale nayo. Jumamosi Mama Gad aje kama kawaida, na aseme kwa kinywa chake, hicho hicho: mi si mama yako, katoto. Itamtisha mtoto kusikia maneno hayo yakitoka kwenye mwanya ule. Asipoyasikia, ipo siku utamkosa getini.

Ulinitaka ndiyo au hapana, nimekupa. Sasa ni zamu yako. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nitakuwa nimekaa na simu ya kipindi mkononi. Sitaki maelezo, sitaki bei. Nipigie, neno moja linatosha: umemwambia, ndiyo au hapana?

Shangazi Resty