Mbegu Kwenye Kisanduku cha Risasi

Jumapili, 19 Januari

Misa ya kwanza, chai, kisha Ruashi, pembeni mwa mji, kwa pikipiki. Mvua ilikuwa imekatika. Matope mekundu mpaka kwenye magoti.

Nimekagua kisanduku nilichokificha kwenye kichuguu. Hakijaingia maji. Ni bora kuliko vyangu vyote: cha chuma, cha jeshi, cha kuwekea risasi, na mpira wa mfuniko bado mzima. Kasereka, mdogo wangu, alikinunua sokoni Goma akanitumia juu ya kamio, lori la vitunguu. Wachezaji wenzetu wa mchezo huu wa kuficha na kutafuta, duniani kote, wanavisifu vya aina hii. Ndani: kigari cha mtoto, kifungo cha koti, penseli, karatasi ya kusaini. Jina la mwisho ni la Mzungu mmoja wa mgodini, la mwaka jana.

Na tena mbegu za maboga. Kiganja kizima. Sheria iko wazi: chakula hakiwekwi ndani ya kisanduku, kinaita panya na sisimizi. Sijui ni nani huyu. Hasaini hata jina. Nimezimwaga chini ya kichuguu kama kila mara, nimepangusa ndani kwa kitambaa, nimekirudisha shimoni na kufunika majani. Nilikipaka rangi ya kijani upya mwenyewe. Ukisimama karibu hukioni.

Jioni Masika ameniuliza tena faida yake ni nini. Nimemjibu kama siku zote: mtu anaficha, anaweka namba za mahali kwenye mtandao, mwingine anakuja na GPS kutafuta. Akichukua kitu, anaacha kitu. Basi. Mke wangu alicheka. Alisema wanaume wa kwetu Butembo wote wanatafuta pesa, wa kwake anatafuta vifungo.

Jumamosi, 25 Januari

Depo, duka langu la vyakula, imekaa tupu. Kamio za maharage hazijashuka kutoka Kivu. Wateja wa Kampemba wanakuja, wanaangalia rafu, wanaondoka.

Nimezungumza na Kasereka. Amefunga duka. Alisema mizinga inasikika mpaka kwake. Akaniuliza kama kisanduku chake kimepata mgeni. Nikamwambia hapana, mbegu tu. Akacheka, laini ikakatika.

Jumatatu, 27 Januari

Waasi wameingia Goma.

Nimepiga simu ya Kasereka asubuhi, mchana, jioni. Haipatikani. Nimekula bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Nilimaliza sahani yote. Sikuhisi kitu, wala njaa wala shibe.

Alhamisi, 30 Januari

Simu bado. Napiga nikiwa napanga magunia, bila hata kuweka sikio vizuri.

Hata huku kusini, mbali na vita, mji umebadilika. Vijana wamesimama kwenye mizunguko ya barabara, wanasimamisha pikipiki, wanauliza mtu anatoka wapi. Ukifungua mdomo wanajua. Kiswahili changu ni cha Kivu, hata nikijaribu. Mwenye duka la ng'ambo, tuliyekuwa tukikopeshana chumvi, amenipita leo akiangalia simu yake. Wanasema watu wa Kivu wametangulia kuja kuficha silaha porini, ili waasi wakifika wazikute tayari.

Nilisikia hayo nikipima sukari. Nikakumbuka kisanduku. Mkono ukasimama. Mteja akaniuliza kama mizani imeharibika.

Jumamosi, 1 Februari

Nimepita njia za nyuma mpaka Ruashi. Kisanduku hakipo.

Shimo liko wazi. Majani yametupwa mbali. Alama za buti, nyingi. Kigari cha mtoto kimekanyagwa kwenye matope. Nimekiokota, nimekitia mfukoni, nimeondoka.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya misa habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu. Watu wa usalama wamekamata silaha Ruashi, ndani ya shamba la mzee mmoja. Nyumbani wakasema masanduku matatu. Sokoni yakawa kumi. Ni moja, na ndani kulikuwa na kifungo.

Mzee mwenyewe wamemchukua. Ni Papa Mwansa. Namjua kwa sura: mzee mrefu, kofia ya majani, ukoo wake ulilima pale kabla ya mgodi. Nikipita tunasalimiana. Nilimwambia siku moja kwamba natafuta dawa ya miti. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na jembe lake.

Sheria nyingine ya mchezo: omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Hiyo niliiruka. Niliona ni kichuguu tu, kiko mbali na nyumba, nani atajali. Ile ya mbegu niliishika sana.

Jumanne, 4 Februari

Sikuenda kujisema kwa watu wa usalama.

Nimemwambia Masika kila kitu. Aliuweka mwiko chini. Kisha akasema, "Papa Neema, wewe ni mtu wa Kivu, una mashine ya setelaiti, na kile ni kisanduku cha risasi. Ukienda, hurudi."

Anasema kweli. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuliandika: naogopa, na kuna mzee amelala kwenye sementi kwa ajili ya mchezo wangu. Yote mawili nayajua. Hakuna linaloniumiza inavyopaswa. Nimefunga depo mapema, nimekaa tu.

Alhamisi, 6 Februari

Nilipita mbele ya ofisi ya watu wa usalama. Sikuwa na kazi huko.

Mke wa Papa Mwansa alikuwa langoni, sufuria imefungwa kwa kitenge. Walinzi wakamrudisha. Hakubishana. Alikaa ng'ambo ya barabara juu ya jiwe, sufuria mapajani, akangoja. Nilizunguka nikarudi, bado yuko. Chakula kilikuwa kimeshapoa, hilo halihitaji kuulizwa.

Kesho naenda. Masika ameshanipigia shati pasi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudi.

Nilifika asubuhi. Nikamwambia mlinzi kisanduku cha Ruashi ni changu. Alidhani amesikia vibaya, akaniomba nirudie. Wakanivua mkanda na viatu. Nikangoja sakafuni kwenye korido mpaka jua likahamia ukuta wa pili.

Mkubwa wao ni mtu mnene, mpole wa sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Kisanduku kilikuwa mezani kwake, karatasi ya majina imetandazwa pembeni. Majina ya Wazungu. Akauliza ni wafadhili gani hao. Nikaeleza mchezo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Mtu anaficha, mtu anatafuta, hakuna anayelipwa. Akasema yule mzee wa shamba naye ni mkaidi, ameulizwa kila siku kisanduku ni cha nani, jibu lake ni moja tu, hajui.

Nikamwambia achague. Nina visanduku vingine mjini, namba zake ziko kwenye simu yangu. Achague chochote, ashike simu yeye mwenyewe, afuate mshale kwenye skrini. Akikuta kitu cha vita, anifunge.

Akachagua cha karibu, kile cha nyuma ya duka la mkate, Kampemba. Tukaenda kwa gari lao, mimi katikati ya askari wawili, miguu mitupu. Mshale ukatufikisha. Nikaonyesha tundu la ukuta.

Tupu.

Kilikuwa kikopo kizuri cha maziwa chenye mfuniko. Nilipaswa kujua. Mjini hapa kikopo chenye mfuniko hakikai, mtu ameshakipeleka nyumbani akaweka chumvi. Nikasema hivyo. Hakuna aliyecheka. Askari mmoja akanishika kola. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njo bao, batu ba Kivu." Ndio hao, watu wa Kivu. Nikamwangalia. Sikuwa na hofu wakati ule, wala hasira. Nilifikiri tu kwamba Masika amepiga shati pasi bure.

Mkubwa akaitazama simu tena. Akasema, "Moja ya mwisho."

Akachagua yeye: nguzo ya taa karibu na reli, ile isiyowaka tangu tuhamie huku. Akashika simu mbele ya tumbo lake, akatembea polepole, akageuka, akarudi, kama wote wanavyofanya mara ya kwanza. Nilinyamaza. Sheria inasema usimwonyeshe anayetafuta. Alipapasa chini ya nguzo, akaingiza vidole kwenye mlango mdogo wa nyaya. Akatoa kopo dogo la filamu ya kamera. Akalifungua mwenyewe.

Shanga moja, kizibo cha bia, kikaratasi. Akasoma majina. Akakigeuza kikaratasi upande wa nyuma, hakuna kitu.

"Na mukikipata, munapewa nini?"

"Hakuna kitu, Shefu."

"Bantu bakubwa?"

"Watu wazima, Shefu."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akafuta macho. Askari nao wakacheka, kola ikaachiwa. Kisha akaacha ghafla, akaniambia niviondoe vyote mjini kabla ya wiki kuisha, kila kimoja, na kile cha risasi kinabaki kwake. Kopo la filamu alilitia mfukoni. Sikusema kitu kuhusu sheria.

Papa Mwansa walimtoa alasiri. Mke wake alikuwa palepale juu ya jiwe. Mzee alitembea kama mtu mwenye mguu uliokufa ganzi, midomo imepasuka, kofia hana. Nilikwenda mbele yake nikiwa na viatu mkononi, nikamwambia, Papa, kile kisanduku ni mimi niliyekiweka, unisamehe. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi zaidi, yakaishia hapo.

Aliniangalia bila kushangaa.

"Minajua ni weye. Nilikuona siku ya kwanza, unachimba kwa kichuguu yangu. Nikasema, huyu iko na dawa yake, muache."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, wakati wote ule.

"Ningesema ni muntu wa Kivu, bangekuua. Mimi ni mwenyeji, banichape tu."

Mke wake akafungua kitenge, akaanza kumlisha palepale barabarani, tonge kwa tonge, kwa kuwa vidole vya mumewe havikunjiki vizuri. Nilitaka kuondoka. Mzee akanizuia kwa kichwa mpaka amalize kumeza.

"Na zile mbegu, ulizipanda?"

Sikuelewa. Akanieleza, kwa kituo, kama anavyoelezwa mtoto. Kila nilipokuja kufungua kisanduku changu aliniona kutoka upande wa mihogo. Akaona si vizuri muntu aingie kwenye shamba lake kila mara na kurudi mikono bure. Akachagua mbegu za maboga, zile kubwa za mama yake. Kila alipoenda kuangalia alikuta zimeisha, naye akafurahi. Alijua kwangu zinaota.

Nikamwambia ndiyo, Papa. Nilizipanda.

Nililia nyumbani, bafuni, bomba likiwa wazi. Si kwa muda mrefu. Kisha nikampigia Kasereka. Haipatikani.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeviondoa. Cha makaburini, cha daraja, cha ukuta wa stesheni. Kilichobaki ni cha Kasenga, kando ya mto, lakini barabara huko haipitiki. Kitajiozea. Kwenye mtandao nimeandika "kimefungwa" mbele ya kila kimoja. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wazungu wa mgodini wengi wameshapanda ndege.

Jumatano, 19 Februari

Na Bukavu nayo waasi wameingia. Depo ina chumvi na sabuni tu. Mwenye duka la ng'ambo amenisalimia leo. Nikaitikia. Sikujali.

Napiga simu asubuhi na jioni. Ni kama kupiga mswaki.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nimekwenda Ruashi. Nilikuwa sijathubutu. Nilimpelekea Papa Mwansa kofia ya majani, mpya. Aliivaa, akaivua, akainyoosha ukingo, akaivaa tena. Vidole vyake bado havikunjiki vyote.

Akanipeleka kwenye kichuguu. Tulitembea polepole kwa sababu ya mguu wake.

Maboga. Kichuguu kizima. Yametambaa mpaka juu, yameziba lile shimo, yameshuka upande wa pili, maua ya njano kila mahali. Upande uleule niliokuwa nikimwaga zile mbegu. Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri, alisema. Alijua tangu lini kwamba sikuzipeleka nyumbani, sijui. Alikata chibwabwa, majani machanga ya juujuu, akayafunga kwa uzi wa mgomba, akanipa mzigo wa kutosha siku mbili.

Masika atayapika na karanga. Kasereka anayapenda hivyo. Nilipiga simu pale pale, juu ya kichuguu, kwa kuwa mtandao huko ni mzuri. Iliita. Mara ya kwanza tangu Januari, iliita, mpaka ikakatika yenyewe. Hakuna aliyepokea. Sijui simu iko mikononi mwa nani. Nimekaa chini kidogo.

Ukichukua kitu, unaacha kitu. Nimepapasa mifuko. Kulikuwa na kile kigari cha mtoto, bado kina matope. Nimekiweka chini ya jani kubwa, mahali kisipoingia maji. Papa Mwansa aliniona, akageuza uso upande wa mihogo mpaka nilipomaliza.