Fulana Tatu za Njano

Tarehe 2 Juni

Mwanangu fundi umeme,

Hujambo na mkwe wangu? Mimi mzima, goti tu linadai haki yake, na cherehani inakohoa kunishinda. Wateja wote wanajua uliwasha taa za hospitali nzima. Asiyejua alikuwa safarini.

Unasema hedhi inakuja mara mbili kwa mwezi, nzito, na maumivu chini ya kitovu hata ngazi huipandi. Wanawake wa ukoo wetu tuna matumbo ya chuma. Baada ya kukuzaa niliumwa hivyo hivyo, na homa juu, na sikulala kitandani hata siku moja. Weka chupa ya maji ya moto, ujikaze.

Mama yako

Tarehe 9 Juni

Mama, shikamoo.

Sisi tunaendelea vizuri. Chupa haikusaidia. Homa ilipanda, uchafu ukaanza kunuka, nikaenda kliniki. Daktari amesema maambukizi yamepanda hadi kwenye kizazi na mirija, ndiyo yanayovuruga hedhi. Yakiachwa, mirija hubaki na makovu na mimba inaweza isishike. Nimechomwa sindano, nikapewa vidonge vya siku kumi na nne. Mume wangu naye anatibiwa ingawa haumwi popote, na tusikutane mpaka tumalize wote wawili.

Leo siku ya tano, homa imekwisha. Vidonge vinanichafua moyo, kesho naviacha. Si tuna matumbo ya chuma?

Mwanao

Tarehe 10 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi, nikamwambia ina haraka kuliko abiria wake.

Yako imenikuta napitisha mpira kiunoni mwa sketi. Mshono mmoja ulishika kwa ndani, kwa nje huuoni, na mpira ukagoma kupita. Miaka thelathini nashona, kumbe na mirija yetu huziba hivyo.

Watu wakiniuliza mbona nina mtoto mmoja, nilikuwa najibu kwa maringo kwamba wangu ananitosha. Uongo. Mdogo wako, ambaye hakuja kamwe, nilimshonea fulana tatu za njano. Zimo chini ya sanduku mpaka leo. Sina hakika kama ni ugonjwa huo, lakini maumivu ni yale yale, na mimi sikupewa hata kidonge.

Wewe umepewa. Kitu kidogo kama kifungo cha shati, kinafika pasipofika mkono wa mtu, kinazima moto. Hatukuwa na matumbo ya chuma. Tulinyamaza tu.

Meza vyote, baada ya chakula. Na mkwe pia. Mwambie mama mkwe ameandika bila haya.

Mama yako

Tarehe 8 Julai

Mama, shikamoo.

Tulimaliza, wote wawili. Hedhi imekuja kwa siku yake, siku nne, na ngazi nimeipanda. Daktari amenipima tena: maambukizi yamekwisha. Kuhusu mtoto, haahidi kitu.

Fulana zitoe sandukuni, zipate jua.

Mwanao

Tarehe 10 Julai

Mwanangu,

Zipo kambani tangu asubuhi. Jirani ameuliza ni za nani. Nilifungua kinywa nijigambe, kama unavyonijua, kisha nikamwambia ni za mdogo wako ambaye hakuja. Tukasimama tu, tukazitazama.

Mama yako