Bata Maji wa Shamba la Shuji

Jumapili, 9 Oktoba
Wamekuja! Nimewasikia kabla sijanywa chai — bata maji, juu ya paa, wanapigiana kelele. Wameshuka shambani kwetu, kwenye mashina ya mpunga.

Nimechukua darubini ya marehemu mume wangu. Shuji alikuwa akinicheka: mke wa mkulima gani hajui kuwatofautisha! Wale wa aina kubwa, njano ya mdomo imechongoka mpaka inapita tundu la pua. Wa aina ndogo, njano ni fupi, inaishia mviringo. Nimekodoa macho mpaka yakatoa machozi. Ni wa aina ndogo! Nimegeuka kumwambia. Jikoni hakuna mtu.

Jumatano, 12 Oktoba
Baba, mama na vijana wawili wa kijivu. Wanalala ziwani, asubuhi wanakuja kuokota mpunga uliopukutika. Shuji alisema watoto husafiri na wazazi wao majira ya baridi ya kwanza, ndipo huonyeshwa mashamba. Asiyeonyeshwa harudi.

Mizuki kapiga simu. Mama, utakaa huko peke yako mpaka lini? Binti yangu huyo, hana salamu ndefu. Kesho naenda kwake, mjini Sendai. Siku chache tu.

Jumamosi, 15 Oktoba
Bustani ya huku ina bwawa. "Si unaona, mama? Hata kwetu bata maji wapo!" Yupo mmoja, mdomo wa rangi ya chungwa, nundu nyeusi kwenye paji. Kimya. Joto, baridi, yupo hapo hapo, anakula mkate wa watu. Nimesema mzuri. Kweli ni mzuri. Ila si wetu.

Mizuki amenionyesha chumba. Kina dirisha. Nimesema nitafikiri.

Jumatatu, 17 Oktoba
Nimerudi. Shamba jeusi!

Jirani yangu Onodera amelitifua kwa trekta lake. Alikuwa mlangoni ananisubiri, meno yote nje. "Mama, nimekutua mzigo! Wenzako tumeshatifua, lako tu lilibaki na nywele timtim." Hela hataki. Anataka achari yangu ya figili. Nikainama — asante, asante sana — nikamjazia bakuli.

Mpunga wote uko chini ya udongo. Shuji alikuwa haligusi shamba hili mpaka theluji iyeyuke, kwa ajili ya bata hao. Sikumwambia Onodera. Nilidhani kila mtu anajua. Nimekaa sakafuni nikalia. Namchukia mtu aliyenitendea wema! Nitamweleza nani?

Jumatano, 19 Oktoba
Wamezunguka juu. Wamepita.

Ijumaa, 21 Oktoba
Wameshuka! Kando ya mfereji, trekta lilishindwa kugeuka, umebaki ukanda mwembamba wa mashina. Wamebanana hapo, familia nzima. Kijana mmoja wa kijivu anamfuata mama yake, anachovya mdomo pale pale anapochovya yeye. Anaonyeshwa! Nimecheka peke yangu kwa sauti.

Onodera kapita barabarani. "Mama! Kile kipembe nilikiacha, aibu yangu hiyo. Nakimaliza sasa hivi, wewe kunywa chai yako!"

Nikasema asante. Mdomo umejisemea wenyewe!

Naandika nimesimama. Umri wangu wote sijamwambia jirani hapana. Jirani mwenyewe ndiye huyu mmoja, ndiye anayenibishia hodi. Nikimkwaza, nitabaki na nani?

Trekta limewaka. Wameinua shingo, wote. Kiatu kimoja cha mpira nimevaa, cha pili sikioni — basi, naenda hivi hivi