Mbuzi wa Mikindani na Mapiko Wanne

Jumatatu, 6 Oktoba
Vyombo nimeosha. Kompyuta ya mjomba nimefungua. Mbuzi bado anapenya kuta. Baada ya kurekebisha jioni nzima, sasa anapenya ukuta mmoja tu. Maendeleo.

Ni ule mchezo wa zamani wa mashine: unakimbia vichochoroni ukila vidoa, mizimu inakufukuza. Wangu una mbuzi, vichochoro vya Mikindani, na mabibo badala ya vidoa. Mizimu nimeitoa. Nimeweka mapiko wanne, wale wachezaji wetu wa vinyago wanaotukimbiza jando likiisha. Mbuzi akila bibo kubwa, anamvua lipiko kinyago, na ndani anaonekana mtu. Nimemchorea masharubu ya mjomba. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi klabu ya kompyuta ina maonyesho shuleni. Nautaka sana mchezo wangu uwepo. Naogopa pia.

Jumanne, 7 Oktoba
Mjomba kauona. Binamu yangu Saidi alikuwa anaucheza sebuleni. Kinyago kikavuliwa. Mjomba akafunga kompyuta taratibu.

"Binti, nani kakwambia mle ndani kuna mtu?"

Tangu utotoni najua mle ndani ni yeye, kwa kidole gumba cha mguu kilichopinda. Lakini kwetu Wamakonde hilo halisemwi, hasa na msichana. Lipiko anatoka porini, basi. Wanawake wote wanajua, na wote wanakimbia. Ndiyo heshima yenyewe. Mimi nimeianika kwenye skrini.

Kompyuta iko kabatini kwake. Nimeona aibu mpaka masikio.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama anasema mjomba hana hasira, ana aibu kama mimi. Ukoo wa watu wenye aibu.

Nimekwenda mwenyewe. Maneno niliyakariri njiani, mlangoni yakapotea. Nikasema tu: mle ndani hamna mtu, mjomba, nilikosea. Mbuzi akila bibo kubwa, mapiko hawatavuliwa. Watasimama wacheze ngoma.

"Watacheza vibaya," akasema. Akaenda kuchukua funguo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Foleni mpaka nje ya darasa. Hakuna aliyetaka kushinda. Wote walitafuta bibo kubwa ili waone ngoma. Mwalimu wa hesabu alikamatwa tena na tena. Saidi nyuma yake: "Mwalimu, huyo mbuzi anakwenda kujisalimisha mwenyewe." Mwalimu akakataa kuinuka.

Nimeongea mbele ya watu. Kidogo. Nimeongea.

Jumapili, 12 Oktoba
Mjomba kauomba mchezo. Mbuzi wake hafiki popote. Halafu akasema yule lipiko mwekundu anachelewesha bega. Akavua viatu, akasimama uani, akanionyesha polepole, akihesabu kwa Kimakonde.

Nikamuuliza kajuaje.

"Nasikia watu wakisema."

Nilikuwa natazama chini. Kidole kilekile, kimepinda.

Bega nimelirekebisha. Sasa anacheza vizuri.