Karasha ya Baba Mkwe

Jumanne, 5 Juni 2018

Mimi na wakwe zangu tumerudi Kerende kutoka hospitali Mwanza, vumbi mpaka kwenye kope. Mwikwabe alinisubiri njiani — mume wangu! Miezi miwili ya ndoa na bado moyo unaruka nikiiona kofia yake ya machimboni.

Baba mkwe ana saratani ya uboho. Leo kachomwa sindano ya kwanza. Nilikaa nje kwenye benchi, maana mkwe hakai chumba kimoja na baba wa mumewe. Mama mkwe akatoka kuniita: yeye hamwelewi daktari, mimi nimesoma sekondari, niingie. Baba akageuza kiti, akatazama dirisha. Mimi nikatazama sakafu. Daktari akadhani tumegombana!

Alieleza vizuri. Ndani ya seli kuna mashine ndogo sana, umbo la pipa: proteasomu. Protini ikichakaa inabandikwa alama. Mlangoni pana walinzi — wanasoma alama, wanaibandua, wanaikunjua protini na kuisukuma ndani. Inakatwa vipande, vinatumika tena. Seli za saratani hii zinatengeneza protini kupita kiasi, taka zao ni nyingi mno. Sindano inazuia visu vya lile pipa. Zinasongwa na taka zao wenyewe, zinakufa.

Akaonya: chai ya kijani, marufuku. Inaidaka dawa kabla haijafanya kazi.

Jumatano, 6 Juni

Nimemweleza Mwikwabe. Protini, alama, walinzi — ananitazama tu kwa yale macho yake mazuri. Mpaka niliposema: ni kama karasha yenu ya kusaga mawe, sindano inaisimamisha. Hapo akaelewa! Akanibusu kwenye paji, akaenda kumweleza baba yake. Nimeolewa na nani jamani, huyu mwanamume!

Jumamosi, 9 Juni

Nina hasira!

Shemeji Opondo, mume wa wifi Agustina, kaleta kopo la chai kutoka Migori. Kopo limeandikwa kabisa kwa Kiingereza: chai ya kijani. Baba anakunywa asubuhi na jioni.

Nikamuuliza mama kwa nini. Anasema Mwikwabe aliwaambia sindano imesimamisha karasha ya mwilini. Baba kachimba dhahabu tangu ujana. Karasha ikisimama, watu wanalala njaa — nani anaiacha imesimama? Anakunywa ili iwake tena.

Na neno hilo nilichagua mimi!

Nikamwambia mama, ndiyo ile aliyokataza daktari. Akaniinamishia kikombe nione.

"Mwanangu, hii ni ya kahawia."

Nikamwambia kijani ni jina. Akacheka, akasema shule imenichosha macho. Mwikwabe yuko ndani ya shimo tangu jana, simu haishiki. Mume mtamu, lakini leo ningemvuta kwa kamba.

Jumatatu, 11 Juni

Kesho sindano ya pili. Mwikwabe bado yuko shimoni. Mama kaenda Nyamwaga msibani. Baba yuko kwake, birika liko jikoni mwake, nalisikia linachemka.

Siwezi kuingia. Siwezi kumwita, mkwe hasemi na baba wa mumewe. Nikaenda nyuma ya nyumba yake, nikakaa mgongo ukutani, nikaanza kuongea na mbuzi.

Nikamwambia mbuzi kwamba karasha imesimamishwa ili adui, ile saratani, afe. Kwamba chai ya Migori inamwokoa adui. Kwa sauti kubwa. Mbuzi akaendelea kula ganda la ndizi.

Halafu sauti ya baba kutoka ndani:

"Wewe mbuzi. Na seli zangu nzuri, zenyewe hazina karasha?"

Swali hilo hata mimi sikumuuliza daktari. Nikakumbuka alichosema kuhusu siku za kupumzika katikati ya sindano. Nikamjibu mbuzi: zinayo, zinaumia pia. Ndiyo maana daktari alisema miguu inaweza kufa ganzi. Ila taka zao ni chache, zinaweza kusubiri mashine iwake. Yule adui hawezi kusubiri.

"Mbuzi huyu kasoma," akasema. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Ana hakika?"

Nikasema mbuzi hana hakika. Daktari ndiye mwenye hakika, na hata yeye alisema tujaribu.

Sasa naandika hapa hapa, daftari gotini. Birika limeepuliwa. Nasikia chai inamiminwa, muda mrefu, zaidi ya kikombe kimoja — anaimwaga au anajaza chupa, sioni, ukuta hauna dirisha upande huu.